Tomografia ya fotoni mbili imenipa uwezekano hasi, nimekosea wapi?

Kinda_wa_Maabara
Wakuu, habari za saa hizi. Nasoma uzamili Ujerumani, na hii ndiyo tomografia yangu ya kwanza ya hali ya kwanta, yaani kuijenga hali ya fotoni kutokana na vipimo vingi. Leza inapiga kristali ya BBO, zinatoka jozi za fotoni zinazotakiwa kuwa kwenye hali ya Bell, yaani polaraizesheni zao zimefungamana kabisa. Nimechukua vipimo 16 kwa kuzungusha vioo vya nusu-wimbi na robo-wimbi (vinavyogeuza polaraizesheni), sekunde 5 kila kimoja. Mipigo ya pamoja (ditekta zote mbili kwa wakati mmoja) haizidi 410. Nikakokotoa matriksi ya densiti (jedwali la namba linaloeleza hali hiyo) moja kwa moja, aigenivalyu moja, ambayo ni uwezekano na haitakiwi kushuka chini ya sifuri, ikatoka -0.06. Ijumaa nina kikao na msimamizi. Nifanyeje?

Fundi Leza
Tumia mbinu ya uwezekano wa juu kabisa (maximum likelihood), inayotafuta hali halali inayolingana zaidi na vipimo, yaishe. James, Kwiat, Munro na White walishaieleza 2001: andika matriksi kama T-daga (konjugeti-transposi ya T) mara T, hasi haitoki ng'o.

Mama Kyubiti
Fundi, hapo unampaka mgonjwa poda. Hasi haitatoka hata kama vioo vyake vimekaa upande, na matriksi itapendeza tu.

Mdogo wangu, hali yako ikiwa karibu safi, aigenivalyu tatu kati ya nne zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Kelele ya kuhesabu inazitawanya juu na chini, kwa hiyo hasi ndogo ni jambo la kawaida. Mipigo 400 ina yumbo la kama 20, yaani asilimia 5. Sasa hesabu kwa sekunde 20. Kama ni kelele, hasi itapungua kama nusu. Ikigoma kushuka, kuna kitu kimepinda mezani.

Kinda_wa_Maabara
Nimerudia usiku kucha. -0.055. 😩

Mama Kyubiti
Basi ni meza. Usiamini sifuri iliyochorwa kwenye kishikio. Weka polaraiza mbili zilizokingama (moja inazuia mwanga wa nyingine), kioo katikati, zungusha mpaka giza liwe totoro. Hapo ndipo mhimili ulipo. Kioo cha nusu-wimbi kikikosea digrii 1, polaraizesheni inakosea 2.

Mzee wa Mipigo
Na umetoa mipigo ya bahati, ile ya fotoni zisizo jozi zilizofika pamoja kwa bahati tu? Ditekta mbili za mipigo 50,000 kwa sekunde, dirisha la nanosekunde 5, ni kama 12.5 kila sekunde. Ukitoa kupita kiasi, unatengeneza hasi mwenyewe. Halafu leza ikiyumba kati ya vipimo, 16 havikuoneshi. Ukiwa na muda chukua vipimo 36, kila beisi (seti ya mielekeo ya kupimia) ijipime yenyewe.

Kinda_wa_Maabara
Robo-wimbi ya mkono wa kushoto ilikuwa nje digrii 3! Skrubu ya kishikio ililegea. Sasa ni -0.015.

Fundi Leza
Sasa naruhusiwa kusema T-daga T?

Mama Kyubiti
Ruksa, Fundi. Ila Kinda, usipeleke namba moja kavu. Tengeneza hesabu bandia 200 za Poisson (zenye kelele ya kuhesabu) kutoka kwenye mipigo yako, kila moja uipitishe kwenye programu ileile, uone uaminifu wa hali (ukaribu wake na hali ya Bell) unatawanyika kiasi gani. Msimamizi ataanza na hilo.