Mmisionari na misumari ya Ijumaa Kuu: aende na waumini wake au abaki parokiani?

Mtoa mada
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaohusika, na wengine habari za majukumu. Mdogo wangu ni padre mmisionari, katumwa Ufilipino, mkoa wa Pampanga. Ijumaa Kuu iliyopita waumini walimwomba aongozane nao hadi San Pedro Cutud, kijiji ambako watu hupigiliwa msalabani kwa misumari ya kweli. Akaenda, akasimama kwenye umati, picha ikaingia kwenye kundi la familia. Ukoo umechafuka. Shangazi anasema padre hana kazi mahali kama pale, tena maaskofu wa kulekule hawaungi mkono jambo hilo. Kweli hawaungi, miaka nenda rudi wanasema Kristo alikufa mara moja ikatosha. Ila mimi naona mgeni akiitwa na wenyeji kwenye uchungu wao, aende. Nawasilisha.

Mlokole wa Kitale
Soma Waebrania sura ya 10: sadaka ilitolewa mara moja tu. Padre akisimama pale na kola yake, hata asiposema kitu, ameshabariki.

Mlei wa Rombo
Mtoa mada umekimbilia misumari ukaacha Pasaka yenyewe. Nimesoma Manila, naomba niseme kidogo. Wanaosulubiwa ni wachache mno. Wafilipino wengi Juma Kuu lao ni jingine kabisa. Kuna Pabasa, watu wanaimba kitabu cha Mateso kwa kupokezana mchana na usiku, na mwenye nyumba analisha kila anayekuja kuimba. Kuna kuzungukia makanisa saba Alhamisi Kuu. Halafu alfajiri ya Pasaka kuna Salubong: wanaume wanatoka na sanamu ya Kristo mfufuka, wanawake wanatoka upande mwingine na Bikira Maria kafunikwa shela nyeusi. Maandamano yanapokutana, mtoto wa kike aliyevishwa umalaika anaitoa ile shela, kengele zinalia, watu wanalia. Kwa macho yangu hiyo inapita mahubiri mengi niliyoyasikia, ya hapa nyumbani yakiwemo. Mmisionari asipoamka kwenda kuiona, huyo ndiye wa kumuuliza amefuata nini huko. Ya Cutud tunayajua sana kwa sababu ndiko kamera zinakokwenda.

Mlokole wa Kitale
Hiyo ya alfajiri sina ugomvi nayo, sanamu tuziache kwa leo. Swali lilikuwa misumari.

Mlei wa Rombo
Haya, misumari. Ruben Enaje, anayejulikana kuliko wote pale, ni seremala na mchora mabango. Alianguka kutoka ghorofani akapona, akaweka nadhiri, na tangu 1986 amesulubiwa zaidi ya mara 30. Huyo hajifanyi Yesu, analipa nadhiri. Wengine wana mgonjwa nyumbani. Sasa mtu kama huyo akiwa parokiani kwako, utamkemea kutoka mbali?

Muuguzi wa Mwanza
Mimi dini nawaachia. Wizara ya Afya ya huko imewahi kuwashauri wachome sindano ya pepopunda na misumari itakaswe. Tena wanaojichapa mijeledi njiani ni wengi kuliko wanaosulubiwa, na migongo huchanjwa kwanza ili damu itoke. Padre akienda, hilo la sindano alitangaze Jumapili ya Matawi. Kwake watasikiliza kuliko kwa daktari.

Mzee wa Old Moshi
Vijana, sisi wamisionari walitukataza ngoma na matambiko ya babu zetu kabla hawajauliza maana yake. Siyo wote lakini. Mlutheri Bruno Gutmann alikaa na Wachagga, akaandika mila zao, akaona ukoo na ujirani ni vitu Mungu alivyowapa, si vya kung'olewa. Leo tumegeuka, sisi ndio tunaotumwa. Tutafanya yale tuliyoyalaumu?

Mlokole wa Kitale
Shikamoo mzee. Gutmann alifika 1902 na aliondoka 1938. Alikuwa na haki ya kusema. Huyu kijana ana muda gani?

Mtoa mada
Mwaka wa pili.

Mlokole wa Kitale
Basi hapo ni mtazamaji kama watalii wengine, tofauti ni kola.

Mzee wa Old Moshi
Marahaba. Hapo umenibana kidogo. Lakini mtalii hajaalikwa, huyu ameombwa na waumini wake. Angevua kola, akaenda kama jirani.

Katekista wa Kahama
Mnabishana kola, mimi nauliza ratiba. Kusulubiwa kule ni mchana. Ibada ya Mateso ya Bwana ni saa tisa alasiri. Nani alikuwa altareni?

Mtoa mada
Paroko alikuwepo, mdogo wangu ni msaidizi. Anasema aliwahi kurudi, kachelewa masomo tu. Hilo la kuchelewa shangazi bado hajalijua, na naomba anayemfahamu humu ndani asilipeleke.