MJADALA: Pointi 108 za Red Star msimu wa 2020/21 ni ubora wa timu au ubovu wa ligi ya Serbia?

Kiungo Mkabaji (mtoa hoja)

Wakuu, salaam.

Kuna orodha za rekodi za mpira zinazosambazwa kila mara, na Red Star Belgrade huwekwa juu bila maelezo yoyote. Msimu wa 2020/21 timu hiyo, Crvena zvezda kwa jina la kwao, ilimaliza ligi kuu ya Serbia na pointi 108. Mechi 38, ushindi 35, sare 3, haikupoteza hata moja. Ilifunga mabao 114 na kufungwa 20. Hiyo ni wastani wa mabao matatu kila iliposhuka uwanjani, msimu mzima. Kocha alikuwa Dejan Stanković, yule kiungo wa zamani wa Lazio na Inter, na hapo ndipo alipoanzia kazi ya ukocha mkuu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: msimu ule haukuwa fahari ya ligi ya Serbia. Ulionyesha ligi iliyopasuka vipande viwili, na mtu anayependa soka ya nchi ile alikuwa na kila sababu ya kuingiwa na hofu.

Kwanza, tujue ligi ilifikaje timu 20. Msimu uliotangulia ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Uliporudi mwishoni mwa Mei zikachezwa raundi 30 tu, hatua ya mwisho ya kugawa timu za juu na za chini ikafutwa, na ikaamuliwa asishuke mtu. Timu 16 zikabaki, nne zikapanda: Novi Pazar, Metalac, Zlatibor na Bačka. Ikawa ligi ya timu 20 katika nchi yenye watu wasiofika milioni saba. Kisha, ili kurudi kwenye 16, zikatakiwa kushuka timu sita kwa mpigo. Zikashuka Zlatibor, Bačka, Mačva, Inđija, Javor na Rad. Mbili kati ya nne zilizopandishwa zilirudi zilikotoka baada ya msimu mmoja.

Sasa fikirini ratiba ya Red Star mwaka ule. Karibu kila wiki ilikutana na timu inayohangaika isishuke, na nyingine hazikuwa hata na kikosi cha ligi kuu. Kila mkirudia kusema 108, kumbukeni na hao waliofungwa.

Lakini ushahidi wangu mkubwa uko nafasi ya pili. Partizan walimaliza na pointi 95: ushindi 31, sare 2, walipoteza mechi 5. Pointi 95 katika mechi 38 ni ubingwa karibu kila ligi unayoijua. Serbia zilitosha kukuacha nyuma kwa pointi 13. Timu moja ikikimbia peke yake unaweza kusema ni kizazi cha dhahabu. Zikiwa mbili, mahasimu wa mji mmoja ambao viwanja vyao havifiki kilomita moja toka kimoja hadi kingine, basi tatizo liko kwa zile nyingine 18.

Karibuni. Ila tujibu kwa hoja, ushabiki tuuache mlangoni.

Binti Moroni

Kaka Kiungo, nimekusoma hadi mwisho na nakataa.

Mimi niliifuatilia Red Star kwa sababu ya kijana wetu, El Fardou Ben Nabouhane. Sisi wa Ngazija na visiwa vyote vya Komoro hatuna wachezaji wengi wanaosimama mbele ya viwanja vya Ulaya vilivyofurika, kwa hiyo tulimtazama kwa macho mawili. Agosti 2018 Red Star ilikuwa nyuma kwa mabao mawili ugenini kwa Salzburg, mechi ya kuamua nani aingie makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ben akafunga mawili, moja halikupoa akaongeza la pili, ikawa 2-2 na Red Star ikapita. Miezi michache baadaye timu hiyohiyo ikaifunga Liverpool 2-0 pale Belgrade, na Liverpool ile ndiyo iliyokuja kuchukua kombe. Kama ligi ya Serbia ni mbovu hivyo, timu iliyokomaa humo iliwezaje?

Na msimu wenyewe tunaoujadili? Red Star ilitoka kwenye kundi lake la Europa League lenye Hoffenheim, Gent na Slovan Liberec, ikakutana na AC Milan hatua ya 32 bora. Ikawa 2-2 Belgrade, 1-1 Milan. Imetolewa kwa sheria ya zamani ya bao la ugenini bila kupoteza mechi yoyote kati ya hizo mbili, na Milan ile ilimaliza ya pili Italia. Hao ndio waliokuwa wakiwafunga Mačva na Inđija. Ulitaka wawafungeje, kwa adabu?

Heshima ya mchezaji ni kushinda mechi aliyopewa. Ratiba hakuipanga yeye.

Kiungo Mkabaji

Dada Binti Moroni, kuhusu Ben sina ubishi, na Januari 2022 alipoifunga Ghana kwenye AFCON dakika za mwanzo kabisa nilishangilia kama niko Moroni. Komoro 3, Ghana 2, ile haifutiki.

Ila umeruka Septemba 2020. Kabla ya kuingia hiyo Europa League, Red Star ilikuwa kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Omonia ya Cyprus kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Partizan nao wakatolewa na Charleroi ya Ubelgiji kwenye mchujo wa Europa League. Klabu mbili zilizokusanya pointi 203 nyumbani zilikwama kwa Cyprus na Ubelgiji. Na mechi na Milan, ambayo naikubali kuwa nzuri, ndiyo inanipa hoja: Red Star ilicheza vizuri ilipobanwa. Nyumbani ilibanwa lini?

Wachezaji siwalaumu hata mmoja. Ninaulaumu mfumo uliowapa mechi 38 ambazo labda sita ndizo zilikuwa na shaka.

Mwana Kampala

Bwana Kiungo, unaipa lawama idadi ya timu, lakini idadi ilirekebishwa mara moja. Tuangalie kilichofuata.

Msimu wa 2021/22 ligi ilirudi timu 16, na hatua ya mwisho ikarudishwa, kwa hiyo bingwa alicheza mechi 37. Red Star ikapata pointi 100. Partizan 98. Kila mmoja alipoteza mechi moja tu! Ukipiga hesabu, nafasi ya pili ya 2022 ni nzuri kuliko ile ya 95 unayoilalamikia. Maana yake hata ukiziondoa Zlatibor na Bačka, pengo liko palepale. Mshambuliaji wa Partizan, Ricardo Gomes wa Cape Verde, alifunga mabao 29 msimu huo, na wala hakuwa na Zlatibor ya kumpunguzia kazi.

Kwa hiyo hizo timu 20 ni kisingizio. Ukitaka sababu, tafuta kwingine.

Nyongeza: huku kwetu watu wa Serbia tunawajua. Micho Sredojević alitupeleka AFCON 2017 baada ya Uganda kukaa nje karibu miaka 40. Yanga nao aliwahi kuwafundisha, na mwaka 2020 walikuwa na Zlatko Krmpotić kwa muda mfupi, beki aliyeichezea Red Star miaka ya 1980. Nchi inayotoa makocha kila pembe ya Afrika haiwezi kuitwa haijui mpira.

Kiungo Mkabaji

Hapo umenisaidia, mkuu. Sikusema timu 20 ndizo mzizi. Nilisema zilifanya ugonjwa uonekane kwa namba kubwa. Mzizi naueleza nikipata nafasi, ila namwona Mzee wa Gerezani yuko mtandaoni, yeye anaijua Yugoslavia, nchi ya zamani iliyokuwa na Serbia ndani yake, tangu enzi za rais Tito.

Mzee wa Gerezani

Marahaba vijana wote, maana najua mlitaka kuniamkia.

Mnalumbana kuhusu pointi wakati jambo lenyewe ni nani mwenye klabu. Red Star na Partizan zote zilianzishwa 1945, mwaka ambao Vita Kuu ya Pili vilikwisha, na Partizan ilikuwa timu ya jeshi. Mpaka leo hazina mwenye mali. Kisheria ni vyama vya wananchi. Mtasema basi ni kama Simba na Yanga za zamani, na kwa kiasi mko sawa, ila Serbia chama cha namna hiyo kikiwa na jina kubwa, dola huwa nyuma yake. Fuateni wadhamini. Jezi ya Red Star ina Gazprom, kampuni ya serikali ya Urusi, tangu 2010. Partizan wamedhaminiwa na kampuni ya simu ambayo serikali ya Serbia ina hisa nyingi ndani yake, na kampuni hiyohiyo ndiyo yenye televisheni ya Arena Sport inayoonyesha ligi. Hakuna mwanasiasa wa Serbia atakayekubali kuonekana ndiye aliyeiua mojawapo ya hizo mbili, hata zikiwa na madeni.

Sasa Mačva ya Šabac ikiwa na deni, nani analia? Halmashauri ya mji.

Kuna na jambo la uaminifu. Mei 2018 mwamuzi Srđan Obradović alikamatwa baada ya penalti alizotoa mechi ya Spartak Subotica na Radnički Niš, mechi iliyoamua nani aende Ulaya, na baadaye mahakama ikampa kifungo. Machi 2021, katikati ya msimu huu mnaoujadili, rais wa shirikisho la soka, Slaviša Kokeza, alijiuzulu. Sisemi ubingwa wa 108 ulinunuliwa. Hapana, timu ile ilikuwa bora na aliyeiona anajua. Nasema mwananchi wa Niš au Subotica akiona haya, atapelekaje mtoto na fedha zake kwenye klabu ya mji wake?

Dogo wa Temeke

Shikamoo mzee. Mimi naongeza moja tu, wachezaji.

Dušan Tadić na Sergej Milinković-Savić walitokea klabu ya Vojvodina. Tadić aliondoka 2010 kwenda Groningen, Milinković-Savić akaenda Genk 2014 akiwa na miaka 19. Na hao wakubwa wawili pia wanauza: Mitrović na Vlahović walitoka Partizan, Jović akatoka Red Star. Tofauti ni kwamba Red Star ikiuza inanunua mwingine, inamleta Kanga wa Gabon, inamrudisha Katai. Vojvodina ikiuza inaanza upya. Hapo ndipo pengo linapozaliwa.

Binti Moroni

Shikamoo mzee, nimejifunza. Lakini bado mnahukumu upande mmoja.

Wakubwa hao mnaowalaumu ndio waliobeba nchi. Kwa pointi zao za Ulaya, zile zinazopanga nchi ipate nafasi gani kwenye mashindano, hasa za Red Star ya misimu ile, Serbia ilipanda mpaka bingwa wake akaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa 2023/24 moja kwa moja bila mchujo, akapangwa na Manchester City. Na nani alifaidika mwingine? TSC ya Bačka Topola, mji mdogo kaskazini, iliyomaliza ya pili 2022/23 mbele ya Čukarički, na Partizan wakashika nafasi ya nne. TSC ikapata nafasi ya kucheza mchujo wa Ligi ya Mabingwa, ikaangukia kundi la Europa League na kucheza na West Ham. Mgawanye hizo nguvu kwa timu 16 sawasawa, muone kama kuna yeyote atakayefika huko.

Na hiyo TSC inajibu hoja yako kaka Kiungo. Mlango haujafungwa.

Kiungo Mkabaji

TSC nilikuwa naingoja, dada yangu.

Bačka Topola ina Wahungaria wengi, na uwanja wake mpya uliofunguliwa 2021 umejengwa kwa msaada wa serikali ya Hungaria. Kwa hiyo, ili klabu ya mji mdogo Serbia ishike nafasi ya pili, serikali ya nchi jirani ililazimika kufungua mkoba. Huo siwezi kuuita mlango ulio wazi kwa Čačak au Kragujevac, ambao hawana jirani wa kuwajengea. Na hata kwa fedha hizo, bingwa alikuwa nani mwaka ule? Red Star. Kuanzia 2018 hadi 2025 ni ubingwa mara nane mfululizo.

Kuhusu pointi za Ulaya, nakubali zilipatikana, na zilipatikana kwa jasho. Tunapotofautiana ni matumizi. Red Star ikiingia makundi inapata fedha ambazo hakuna klabu nyingine ya Serbia inaweza kuziota, nazo zinarudi kununua pengo lilelile aliloeleza Dogo wa Temeke. Ndiyo maana kauli ya Mwana Kampala kwamba 2021/22 ilikuwa palepale haijanishangaza. Shirikisho lilipunguza timu likaacha fedha kama zilivyo, na miliki ya klabu kama ilivyo. Ninachotaka ni sehemu ya fedha za Ulaya ishuke kwa sheria kwenye vituo vya vijana vya klabu ndogo, na klabu zote, hizo kubwa zikiwemo, ziwe na mwenye kuwajibika kwa madeni yake.

Wanaosema ligi ni nzima nawapa swali moja, na nitarudi jioni kusoma majibu. Vojvodina ya Novi Sad ilibeba ubingwa wa Yugoslavia mwaka 1989. Obilić, bingwa wa 1998, ilikuwa ya Belgrade. Nitajieni klabu yoyote ya Serbia kutoka nje ya Belgrade iliyobeba ubingwa baada ya ile Vojvodina.