Pampu ya tanki la samaki inavuma ila haizunguki: siki, ndimu ya unga, impela mpya au ninunue nyingine?

tanki_njiro
Wadau habari zenu. Nina tanki la lita 200 hapa Njiro, samaki wa Tanganyika, chini nimeweka matumbawe yaliyopondwa. Juzi umeme umekatika, uliporudi pampu ya kuzungusha maji ikawa inavuma tu, ukiigonga inazunguka kidogo halafu inasimama. Nimefungua nakuta sumaku ya impela (kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji) ina ukoko mweupe mgumu. Dukani wananiambia tupa nunua mpya, jirani anasema siki, mwingine ndimu ya unga. Aliyetumia zote anipe tofauti maana samaki bila maji kuzunguka hewa inapungua na mimi wananiuma hawa.

mama_tanki_moshi
Usitupe kaka. Ndani ya hizo pampu kinachozunguka ni impela tu, koili (waya uliosokotwa unaopitisha umeme) imezibwa na gundi ngumu maji hayaifikii. Ikivuma maana yake umeme unafika, impela ndio imekwama. Ikiwa kimya kabisa na baridi, hapo ndio uangalie waya na koili, na koili ikifa ndio ununue.
Mimi natumia siki, nusu siki nusu maji, nailoweka saa moja mbili, ukoko ukiwa mwingi inalala humo. Ukiona mapovu ni chokaa inayeyuka. Halafu mswaki wa zamani mpaka kwenye tundu inapokaa impela, watu wengi wanasafisha impela wanasahau tundu.

fundi_sakina
Dada yuko sahihi ila mimi nasimama na ndimu ya unga. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, haina harufu, na kwa pampu kubwa ni nafuu kuliko kununua chupa za siki. Maji yasiwe ya moto sana, plastiki inapinda na raba zinakakamaa. Na jamani JIKI usichanganye na siki wala ndimu, inatoa hewa ya klorini, ni sumu. Ukimaliza suuza vizuri. Na chomoa soketini kabla hujaingiza mkono kwenye tanki, kuzima swichi haitoshi.

chalii_ngarenaro
Aisee si maji yetu haya ya Arusha, floraidi inayofanya meno kuwa ya kahawia ndio imeganda humo

fundi_sakina
Hapana mdogo wangu. Floraidi tunayo kweli, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, ila maji yenye floraidi nyingi mara nyingi kalsiamu yake ni ndogo, na ukoko ule ni wa kalsiamu. Ukoko wa huyu jamaa wa Njiro unatoka kwenye matumbawe. Asiyatoe lakini, samaki wa Tanganyika kwao maji ni magumu na pH (kipimo cha uchachu wa maji) inakaribia 9, yeye azoee tu kusafisha pampu mapema kabla haijakwama.

soweto_moshi
Kabla ya siki wala ndimu angalia sumaku yenyewe. Kama ina ufa na kutu imevimba, asidi haisaidii chochote, itaendelea kusugua ukuta mpaka iharibu na tundu, hapo nunua impela ya modeli ileile, inayofanana tu kwa macho haifai. Angalia na ile shafti nyembamba ya kauri ambayo impela inazungukia, inavunjika kirahisi, vipande viwili vinabaki vimekaa pamoja huoni mpaka uichomoe. Na mapezi yakicheza kama nusu duara bila sumaku kufuata usidhani imekufa, pampu nyingi zimetengenezwa hivyo ili sumaku ianze kuzunguka kabla ya kubeba mzigo wa maji.

tanki_njiro
Asanteni sana. Sumaku haina ufa, shafti nzima. Nimeloweka kwenye ndimu, mapovu kibao. Vipi hizi pampu za DC, yaani za umeme kama wa betri, kuna mtu anashauri nihamie huko moja kwa moja?

mama_tanki_moshi
DC nzuri kwa kuwa ikiwa ya volti 12 unaweza kuiunga na betri umeme ukikatika, na spidi unaipunguza. Ila ukoko unaipata vilevile, na kontrola (kile kifaa cha kurekebisha spidi) ikiungua vipuri ni kazi kuvipata huku kwetu. Kama hii imepona baki nayo, hela hiyo nunua pampu ndogo ya hewa ya betri. Usiku umeme ukikatika hiyo ndio itakayowaokoa samaki.

soweto_moshi
Na ukiirudisha iwashe ikiwa ndani ya maji, usiijaribu kavu mezani, shafti inapoozwa na maji.