Borg si walishaisha kwenye vitabu? Mbona kwenye Picard wapo tena?

mtazama_anga
Wakuu habari za wikiendi. Wajuzi wa Star Trek, zile tamthilia na muvi za safari za anga, naomba msaada, na kama hujamaliza tamthilia ya Picard pita mbali maana humu natoboa kila kitu.

Mimi baada ya muvi ya Nemesis ya 2002 niliona wametuacha hewani nikahamia kwenye vitabu. Nikasoma Destiny ya David Mack, vile vitabu vitatu vya 2008, na pale Borg, wale nusu watu nusu mashine wanaomeza kila jamii, WALIISHA. Sio wamepigwa wakakimbia kama zamani, hapana, wale Caeliar, jamii yenye teknolojia kubwa, waliwafungua wote mpaka wa mwisho, na hiyo ni baada ya Borg kufyeka sayari na kuua watu bilioni 63. Kapteni Picard keshamuoa Beverly, daktari wa meli yake, baadaye wanampata mtoto wao René, Riker aliyekuwa msaidizi wake ni kapteni wa meli ya Titan na yeye na mkewe Troi wana binti anaitwa Tasha. Maisha yanaenda.

Halafu 2020 nawasha Picard nakuta mzee yuko shambani kwake Ufaransa na mizabibu na mbwa, mke hana, binti wa Riker anaitwa Kestra, na Waromulani, jamii nyingine ya huko angani, wamekalia mchemraba mzima wa Borg, ile meli yao, wanauchokonoa wakitafuta cha kuuza na cha kusoma. Hivi vitu vinaunganaje? Kuna kitabu nimeruka au ndo tumepigwa?

kapteni_mstaafu
Mkuu hujaruka kitu. Kwa Star Trek utaratibu ni wa siku nyingi, kilichoonekana kwenye skrini ndicho kimetokea, kitabu kinaandikwa kwa leseni. Mwandishi wa kitabu lazima afuate tivii, tivii haina deni na kitabu. Kilichowachanganya watu ni kwamba tangu 2001, walipoanza kuendeleza tamthilia ya Deep Space Nine kwa vitabu, hakukuwa na tamthilia yoyote inayosogea mbele ya Nemesis, kwa hiyo waandishi wakajiachia, wakapandisha watu vyeo, wakaozesha, wakaua, kitabu cha huyu kinashika cha yule. Karibu miaka 20 wanajenga kwenye kiwanja cha mtu, mwenye kiwanja karudi na hati mkononi. Utamshtaki wapi?

binti_vulcan
Kapteni hapo kwenye utaratibu uko sawa ila unaongea kama vile vitabu havijawahi kuipa tivii kitu. Jina la Hikaru la Sulu, rubani wa Star Trek ya kwanza kabisa, limetoka kwenye riwaya ya 1981, likaja kutamkwa kwenye muvi 1991. Uhura, afisa mawasiliano wa meli hiyo hiyo, kazunguka na Kapteni Kirk miaka yote ile ya sitini hana jina la kwanza, hilo Nyota lilikuwa linazunguka kwenye vitabu tangu miaka ya themanini, kwenye skrini limefika 2009!! Miaka yote hiyo mashabiki wanamwita hivyo na hakuna aliyesubiri ruhusa.

Na hiyo Titan unayoitaja mleta mada, Nemesis inaitaja tu, haituonyeshi. Umbo lake lilipatikana kwa shindano la mashabiki lililoandaliwa kwa ajili ya jalada la vitabu vya Titan. Sasa nenda mwisho wa sizoni ya kwanza ya katuni ya Lower Decks, 2020 hiyo hiyo, meli inayotokea kuwaokoa ni ile ile ya kwenye jalada na Riker kakalia kiti cha kapteni. Mimi nilirudisha nyuma kuangalia vizuri zile injini. Kwa hiyo mlango upo, ila anayeufungua ni wa ndani.

omosh254
Watu wangu mnazunguka tu, mwambieni kuhusu Coda. Mtoa mada, 2021 walitoa vitabu vitatu vinaitwa Coda, waandishi watatu, kila mtu kimoja, Mack ndiye alifunga. Maelezo yao ni kwamba zile fujo za muvi ya First Contact, Borg waliposafiri kurudi nyuma hadi mwaka 2063, zilichana wakati, na vitabu vyako vyote vya baada ya Nemesis viko kwenye kile kipande kilichochanika. Sasa wale Devidians, wale wa kufyonza uhai wa watu tuliowaona zamani kwenye The Next Generation (TNG), ile tamthilia ya kwanza ya Picard, wanakula kile kipande, na ili mikondo mingine ya wakati isiliwe Picard na wenzake wanaamua kukifuta chao wenyewe. Kukifuta kabisa, yaani hakijawahi kuwepo.

Mimi hapo ndo niliona wametukosea. Si lazima vitabu viwe kanoni, yaani hadithi rasmi, hiyo najua, ila ungeniachia tu watu wangu huko waliko wanaishi, Picard analea René, mimi nijue tu wako upande wa pili. Kwani nani aliomba mazishi??

kapteni_mstaafu
@omosh254 mazishi ni heshima kaka. Angalia Star Wars, tarehe 25 Aprili 2014 lilitoka tangazo tu kwamba vitabu vyote vya zamani sasa vinaitwa Legends, kwaheri, hadithi zingine zikaachwa katikati mpaka leo. Wa Trek angalau waliruhusiwa wafunge wenyewe na wahusika wao wakafa wakijua wanafia nini.

omosh254
Na huko huko Star Wars Thrawn, mhusika wa kitabu cha 1991, wamemrudisha kwenye tamthilia, Rebels 2016 na Ahsoka 2023. Legends iko hai, inachotwa kila siku. Coda umefunga umetupa na ufunguo.

mtazama_anga
Daah kumbe ugomvi ni mkubwa hivi. Na Data je, yule roboti wa Picard aliyekufa kwenye Nemesis? Maana kwenye vitabu 2012 alirudi kabisa, mzima. Nikategemea hata B-4, roboti ndugu yake, wamtumie kidogo.

binti_vulcan
B-4 si ndo yule kwenye droo pale Taasisi ya Daystrom, sehemu ya kwanza kabisa ya Picard? Agnes, mwanasayansi wa pale, anavuta droo, yuko vipande vipande, mazungumzo yanaendelea. Vile vitabu vyote vya Data kurudi vimefungiwa kwenye ile droo kwa sekunde chache tu. Na usidhani hawakujua, mmoja wa walioanzisha tamthilia ya Picard ni Kirsten Beyer, ambaye kaandika riwaya za Voyager miaka na miaka, ndiye huyo huyo aliyemfufua Janeway, kapteni wa meli ya Voyager, 2012 baada ya vitabu kumuua 2007. Alijua fika kinachofutwa, na vingine ni kazi ya mkono wake.

Kinachonichekesha ni sizoni ya tatu. Mwaka 2023 wakaja na habari kwamba Picard kazaa na Beverly, mtoto wa kiume. Jack, sio René. Omosh unasemaje hapo, wameiba au wamekumbuka?

omosh254
Wamekopa bila kusema asante 😂

mtazama_anga
Sawa, sasa swali la mwisho, Coda nisome au niishie hapa nilipo?

kapteni_mstaafu
Soma, ila usirukie. Kama vya Data vya 2012 na vya Titan hujavimaliza utakuta watu wanakufa humjui huyu ni nani. Na rudia kitabu cha tatu cha Destiny, hasa zile sura za Ezri Dax akiwa kapteni wa meli ya Aventine, maana utamkuta tena.

omosh254
Mi nakushauri uishie ulipo. René anakusalimia.