Familia ya Bombo: bonge la njano

IJUMAA

[20:14] Shangazi Zainabu: Asalaam aleikum jamani. Nani amegusa mfuko wangu wa nyuzi? Simtaji mtu, lakini Musa, wewe ulilala hapa wiki iliyopita.

[20:15] Musa: Waaleikum salaam shangazi. Mfuko upi? Wa chini ya kitanda, wa juu ya kabati au ule wa ndani ya pipa la unga?

[20:15] Shangazi Zainabu: Wa pipa la unga umeujuaje?

[20:16] Musa: Nilikuwa natafuta unga 😂

[20:18] Shangazi Rehema: Zainabu hesabu vizuri kwanza. Ramadhani ulilia umeibiwa, tukakuta umeikalia.

[20:21] Shangazi Zainabu: Nimehesabu mara tatu. Njano ya mahindi, yale mabonge sita ya blanketi la mtoto wa Hawa. Nina matano. Nimefika mstari wa 61, imebaki mistari 14, na uzi uliobaki hautoshi hata kufungia sukuma.

[20:24] Hawa (Kabale): Shangazi usijisumbue, hata likiwa fupi tutalipokea kwa mikono miwili.

[20:25] Shangazi Zainabu: Fupi? Mtoto alale Kabale miguu iko nje?

[20:27] Hawa (Kabale): Hapo umesema 🥶 Huku tuko karibu mita 2,000 juu. Leo alfajiri nyuzi joto 11. Shuka nilizoanika jana bado zinadondosha maji.

[20:28] Musa: Nyuzi 11 tu? Shangazi anazo 300

[20:28] Shangazi Rehema: 🤣🤣🤣

[20:30] Hawa (Kabale): Musa wewe! Ila shangazi, kile kitambaa nilichokutumia picha yake, chenye matundu makubwa kama wavu, mbona hukukifuata?

[20:33] Shangazi Zainabu: Kwa sababu ni wavu kweli. Mtoto mchanga anaingiza kidole kwenye tundu, anazungusha, uzi unamkaba na yeye hajui kuutoa. Nimetumia kulabu ya kroshe ya milimita 4 na mishono iliyoshikana. Maua utapewa kwenye kitambaa cha meza.

[20:51] Baba Hawa (Arua): Salaam wote. Dada, hiyo njano ni ile iliyokuwa juu ya meza ya televisheni?

[20:51] Shangazi Zainabu: Kaka Yusufu. Ndiyo. Kwa nini?

[20:58] Baba Hawa (Arua): Siku ile ya kurudi huku nilikuwa na maboksi mawili ya kwenda kwenye basi. Kamba sikuiona.

[20:58] Musa: Inna lillahi

[20:59] Shangazi Zainabu: Bonge zima??

[21:01] Baba Hawa (Arua): Nilizungusha sana, unajua safari ni ndefu. Maboksi yalifika salama alhamdulillah.

[21:02] Shangazi Zainabu: Na uzi uko wapi?

[21:06] Baba Hawa (Arua): Jirani amefungia kuku.

[21:07] Sumaya: Bibi anacheka hawezi kuongea. Anasema subirini.

JUMAMOSI

[11:32] Musa: Niko soko la Owino, Kampala, nyuma kule kwa akina mama wa nyuzi. Shangazi, njano ziko nne [Picha]. Mama ananiuliza ya yai, ya ndizi, ya mahindi au ya shati la shule. Nimesimama kama nimekuja kuposa.

[11:34] Shangazi Zainabu: Ya pili kutoka kushoto. Isogeze mwangani. Sasa soma karatasi iliyozungushiwa bonge, ina namba mbili, moja ya rangi, moja ya pipa.

[11:37] Musa: Ya rangi ni sawasawa na yako. Ya pipa inaishia 7, kwenye picha yako inaishia 3.

[11:38] Shangazi Zainabu: Mwambie atafute 3.

[11:45] Musa: Ametafuta mpaka amemwaga kavera (mifuko ya plastiki) zote chini. Hakuna. Na ananiangalia vibaya.

[11:47] Baba Hawa (Arua): Namba ya pipa ni kitu gani tena? Njano ni njano.

[11:59] Sumaya: Bibi ametuma sauti ndefu, naandika. Anasema: Yusufu, njano si njano. Babu yako alikuwa chumba cha rangi pale kiwanda cha vitambaa cha Nytil, Jinja, miaka ya 1960. Vitambaa vya Jumatatu na vya Jumanne vilitiwa rangi ileile, vipimo vilevile, na bado babu alikuwa anaviweka mbali mbali. Maji ya pipa la kutilia rangi yakizidi joto kidogo, rangi inashika zaidi. Uzi ukikaa ndani dakika chache zaidi, hivyo hivyo. Ndiyo maana wanaandika namba ya pipa, ili mwenye kufuma anunue wa pipa moja. Anasema pia wewe ulikuwa unalala kwenye vitambaa vya babu ukiwa mdogo, ungejua.

[12:03] Baba Hawa (Arua): Nimesikia mama. Samahani.

[12:04] Musa: Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Elfu saba. Amekataa kupunguza.

[12:06] Shangazi Zainabu: Nunua. Mawili. Na kama ana zambarau nionyeshe.

[12:06] Shangazi Rehema: Zainabu!!

[12:07] Shangazi Zainabu: Kuona tu.

[12:10] Shangazi Rehema: Watu wanadhani kufuma na kununua nyuzi ni kazi moja. Ni mbili. Zainabu hiyo ya pili ndiyo amebobea. Kuna zambarau kwake ina miaka saba, haijaguswa na kulabu.

[12:19] Shangazi Zainabu: Ile niliinunua siku Hawa alipopata matokeo ya S.6, kidato cha sita. Nilitoka sokoni naichungulia kwenye taksi kama nimebeba kifaranga. Kila mwaka naitoa naiangalia, nawaza itakuwa shali, itakuwa kofia, naona vyote viwili. Nikishaifuma inakuwa kimoja tu. Mniache.

[12:22] Hawa (Kabale): ❤️ Hiyo nilikuwa sijui.

[14:40] Baba Hawa (Arua): Dada, nataka kulipa deni. Nimepata sufu halisi hapa sokoni, si hizi za kiwandani [Picha]. Muuzaji ameapa.

[14:44] Sumaya: Bibi anasema kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo, washa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, inajizima, na majivu yanavunjika ukiyafinya. Pamba inanuka karatasi. Ya plastiki inayeyuka inakuwa shanga nyeusi ngumu.

[15:02] Baba Hawa (Arua): [Picha]

[15:03] Musa: Hiyo shanga mzee unaweza kuvaa 📿

[15:05] Baba Hawa (Arua): Narudi kwa huyo muuzaji.

JUMAPILI

[07:12] Shangazi Zainabu: Nilifuma jana usiku mpaka umeme ukakatika, nikaendelea gizani, vidole vinahesabu vyenyewe. Mistari tisa. Nikalala nimefurahi. Sasa nimelitoa nje juani. Angalieni wenyewe [Picha]

[07:15] Baba Hawa (Arua): Zuri sana mashallah. Sioni kitu.

[07:16] Musa: Naona mstari. Kama mahali maji yalipofika kwenye ukuta.

[07:17] Shangazi Rehema: Nauona nikiwa Jinja bila miwani.

[07:19] Hawa (Kabale): Shangazi mimi nalipenda hivyo hivyo. Tutasema ni mtindo.

[07:20] Shangazi Zainabu: Mtindo unaanza mwanzo, hauanzi mstari wa 62.

[07:41] Sumaya: Bibi anasema fumua.

[07:42] Shangazi Zainabu: Mwambie nitafumua hiyo tisa, nitafute pipa la 3 kwingine, hata maduka ya Kikuubo, Kampala.

[07:48] Sumaya: Hapana, anasema fumua mpaka mstari wa 47. Halafu changanya. Mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya uzi mpya, miwili ya zamani, hivyo mpaka mwisho. Uzi wa mistari 14 uliofumua na 14 mipya inakuwa 28, unafika 75 palepale. Jicho halitapata mahali pa kusimama. Na miwili miwili ili uzi uukute upande uleule ulipouacha, usikate kila mara.

[07:55] Shangazi Zainabu: Mistari 23 mama!! Usiku tatu za kazi.

[07:57] Sumaya: Anasema kroshe ina kitanzi kimoja tu, ukivuta inakuja yenyewe. Ingekuwa sweta ya sindano mbili ungekuwa unalia na vitanzi 120 vyote viko wazi.

[07:58] Sumaya: Anasema pia chai ya tangawizi iko tayari kama unakuja kununa huku.

[08:30] Musa: Kimya

[08:31] Musa: Shangazi?

[09:17] Shangazi Zainabu: Nimefumua.

[09:18] Shangazi Zainabu: [Picha]

[09:19] Hawa (Kabale): Woi! Umejikunja kama tambi za Idi.

[09:23] Shangazi Rehema: Usiufume hivyo, mishono itatoka na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne zisivurugike, loweka maji ya uvuguvugu, tundika kivulini na ning'iniza kikombe cha bati chini uunyooshe. Kikombe chepesi, si sufuria, ukiuvuta sana utalegea.

[09:26] Shangazi Zainabu: Rehema nilianza kufuma kabla hujaota meno.

[09:26] Shangazi Rehema: Na njano mbili ulizipata wapi?

[09:27] Musa: 🏃🏾‍♂️

[17:50] Shangazi Zainabu: Umekauka. Umenyooka kabisa. Sasa nataka mtu wa kunishikia nikiuviringisha bonge. Kiti kinauachia. Sumaya vuka barabara uje, mikono umeosha.

[17:51] Sumaya: Nina homuweki shangazi

[17:51] Shangazi Zainabu: Kuna mandazi.

[17:52] Sumaya: Nakuja

[18:10] Musa: Sumaya, muulize bibi kama ile baiskeli yangu bado iko kwenye banda.

[18:24] Musa: Sumaya

[18:31] Musa: We Sumaya, uko mtandaoni nakuona

[18:33] Shangazi Zainabu: Simu yake ninayo mimi. Mikono yake ina kazi.