Japani ilizuia kukodisha gemu, Marekani ikaruhusu: nani alitenda haki?

Kaseti60
Wadau, nina swali na naomba tujibizane kwa hoja. Katikati ya miaka ya 1980 Japani ilikaza sheria yake ya hakimiliki, ikawa hakuna duka la kukodisha gemu bila ruhusa ya mwenye gemu, na wenye gemu ruhusa hawakutoa. Marekani wakashika njia nyingine. Sheria yao ya 1990 ilizuia kukodisha programu za kompyuta, lakini gemu za konsoli, yaani mashine za kuchezea nyumbani, ikaziacha nje. Ndiyo maana mtoto wa Chicago alikodi kaseti ya gemu Ijumaa akairudisha Jumapili, na mwenzake wa Osaka hana budi kununua. Nintendo, watengenezaji wa gemu, walipowashtaki Blockbuster, maduka ya kukodisha, mwaka 1989, kesi ilihusu fotokopi za vitabu vya maelekezo. Kwenye kukodisha kaseti yenyewe hawakuwa na pa kushika.

Kwangu Japani ilimwonea mtoto wa kipato cha chini. Kaseti ni maelfu ya yen, kuijaribu kwanza huwezi, na kwa vile Wajapani wanapenda gemu ngumu kupindukia, unanunua kitu cha kukukwamisha hatua ya pili. Nani alitenda haki?

Chuma cha Solda
Mkuu, hapo kwenye "Wajapani wanapenda gemu ngumu" umeniudhi, siwezi kupita kimya. Chukua gemu ya Castlevania III. Kwenye ile ya Japani ya Desemba 1989, ukiguswa, damu inayopungua inategemea aliyekugusa ni nani: popo kidogo, jitu kubwa zaidi. Ya Marekani wakabadilisha. Kiasi kinapanda kadiri unavyosonga mbele, hivyo ukifika mwisho hata popo anakukata kama bosi. Grant, yule mpanda kuta, Japani anarusha visu kutoka mbali. Marekani kapewa kisu cha kuchoma karibu, urefu wa mkono tu.

Muziki nao hivyo hivyo. Kaseti ya Japani ina chipu ya VRC6 inayoongeza sauti tatu juu ya tano za mashine yenyewe. NES, mashine ya Nintendo ya Marekani, haikupitisha sauti kutoka kwenye tundu la kaseti, kwa hiyo zile tatu zikaondolewa. Mmarekani kapewa gemu ngumu zaidi yenye muziki pungufu, halafu lawama unamtupia Mjapani!

Nyota ya Mvita
Hebu nimalizie alipoachia kaka Chuma, maana kisa ni huko huko kukodi. Gemu ambayo mtu anaimaliza kati ya Ijumaa na Jumapili, dukani hairudii kuinunua. Kampuni ikiuza kwenye soko la namna hiyo ina sababu ya kuongeza chumvi. Tazama Streets of Rage 3 ya 1994: ya Marekani ilikazwa kuliko ya Japani, na ukichagua kiwango rahisi gemu inakukatia hatua ya tano, mwisho wa kweli huuoni. Tazama Devil May Cry 3 ya 2005: kiwango kilichoitwa kigumu Japani, Marekani kiliitwa cha kawaida. Mtu akaiweka kwenye kawaida, akapigwa hadi kuchoka, akasema hawa Wajapani wana roho mbaya. Ugumu wenyewe ulipikiwa soko lake.

Jogoo la Shamba
Dada Nyota, unachagua mifano inayokupendeza. Super Mario Bros. 2 ya Japani ya 1986 ina uyoga wa sumu, ina upepo unaokusukuma shimoni, ina njia za mkato zinazokurudisha dunia ya kwanza. Marekani wakaonekana hawaiwezi, mwaka 1988 wakapewa gemu nyingine, Doki Doki Panic, iliyobadilishwa sura. Final Fantasy IV ya 1991 nayo ililainishwa kabla ya kuvuka bahari, hadi uwezo kadhaa wa wahusika ukaondolewa.

Na mapenzi ya Wajapani kwa gemu yamepita kiasi mpaka serikali ikatunga sheria kwamba gemu ya Dragon Quest isitoke siku ya kazi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatoroka shule. Taifa la namna hiyo halipendi ugumu?

Chuma cha Solda
Sheria ipi, Jogoo? Itaje jina. Hakuna. Kilichotokea ni hiki: Dragon Quest III ilitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988, nakala zaidi ya milioni moja zikauzwa siku hiyo hiyo, na wanafunzi karibu 300 wakanaswa kwa utoro. Baada ya hapo kampuni yenyewe ikawa inatoa mwishoni mwa wiki au sikukuu. Bunge halikukaa. Watu mnalishana uzushi huu miaka nenda rudi.

Halafu Dragon Quest yenyewe inavunja hoja yako. Ukifa, unafufuliwa kwa mfalme, ujuzi wote ulioukusanya unabaki, unapoteza nusu ya dhahabu tu. Mwenye kidole kizito na mwenye kidole chepesi wote wanafika mwisho, tofauti ni muda. Gemu iliyopendwa mno Japani ndiyo inayomsamehe mchezaji.

Nyota ya Mvita
Na hiyo Final Fantasy IV uliyoitaja, ndugu yangu Jogoo: mwaka huo huo wa 1991 iliuzwa iliyorahisishwa huko huko Japani, jina lake Easytype. Kwa Wajapani, si kwa wageni. Walikuwapo wengi waliotaka wepesi na walihudumiwa.

Mlinzi wa Lango
Chuma anasema gemu inamsamehe mchezaji. Inamsamehe wapi? Dragon Quest II haikuwa na betri ya kuhifadhi Japani. Ukitaka kuendelea kesho, mfalme anakupa maneno ya ufufuo, hadi herufi 52 za Kijapani ziitwazo hiragana, uziandike kwa mkono. Kwenye skrini ya televisheni ya zamani, yenye rangi zinazovuja, *nu* na *me* zinatofautiana kwa kitanzi kimoja kidogo, *ru* na *ro* vilevile. Ukikosea moja tu, maneno hayakubali, na saa zako zote zimekwenda. Hata ya kwanza ilikuwa na herufi 20. Marekani walipoletewa zao wakawekewa betri ndani ya kaseti. Nani alisamehewa hapo?

Chuma cha Solda
Hapo Mlinzi nakukubalia. Waliozoea walikuwa wanaandika mara mbili kwenye karatasi mbili, kisha wanayajaribu maneno palepale kabla ya kuzima.

Lakini betri nayo ina yake, na inarudi kwenye kukodi. Gemu ya Zelda ya Marekani ina nafasi tatu za kuhifadhi. Kaseti ya kukodi inapita mikono kumi, kila mmoja anafuta ya mwenzake. Na kuizima kuna utaratibu: ubonyeze RESET, uishikilie, ndipo uzime. Umeme unapokatika ghafla prosesa inachanganyikiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu, na faili linaharibika. Maelekezo hayo yamo kwenye kitabu, kile kile ambacho aliyekodi hakukipata.

Wenye kaseti hizo leo: betri ni CR2032 ya volti 3, lakini nunua yenye miguu iliyochomelewa tayari. Usipige solda moja kwa moja juu ya betri, inaweza kupasuka. Ya zamani ikitoka, kila kilichohifadhiwa kinafutika, kwa hiyo hakuna haja ya haraka. Angalia alama ya chanya kwenye bodi kabla hujachomelea.

Nyota ya Mvita
Kwenye kitabu cha Zelda mna jambo zuri zaidi. Kuna mnyama wa masikio makubwa, Pols Voice, na kitabu cha Marekani kinasema anachukia kelele. Wamarekani wakawa wanampigia filimbi wee, hafi. Sababu ni kwamba padi ya pili ya Famicom, yaani NES ya Japani, ina maikrofoni. Mtoto wa Japani anapiga kelele kwenye padi, wanyama wanakufa chumba kizima. NES haikuwa na maikrofoni. Mwili wa gemu ukarekebishwa ili wafe kwa mshale, kitabu kikaachwa na maneno yale yale. Mtu wa Magharibi anacheza gemu ya Kijapani mahali pamekatwa kitu, wala hajui kama kuna kilichokatwa.

Jogoo la Shamba
Mnazungumzia kelele na betri, hoja yangu ya ladha hamjaigusa. Gemu za Kijapani ni nzito, za polepole. Final Fantasy X ile inayozunguka huku kwetu inakwenda kama mtu anatembea majini. Huo ndio utamaduni wao: subira. Mzungu anataka mwendo.

Chuma cha Solda
Jogoo, hiyo uliyoiona ni ya Ulaya. Televisheni za Ulaya, na za kwetu Afrika Mashariki, zilikuwa za PAL: picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani ni 60. Gemu iliyohesabu mwendo wake kwa picha, ikihamishiwa PAL bila kurekebishwa, inapungua kasi kwa karibu asilimia 17. Na kwa sababu PAL ina mistari mingi zaidi, picha haijazi skrini: unaona utepe mweusi juu na chini. Final Fantasy X ya Ulaya ilitoka hivyo hivyo, bila chaguo la 60. Utepe mweusi ukiuona, mara nyingi mwendo nao umepunguzwa. Huo si utamaduni wa mtu, ni uvivu wa aliyeihamisha.

Mlinzi wa Lango
Na vitufe vya duara na msalaba je? PlayStation ya Japani tangu mwanzo: duara ni kukubali, msalaba ni kukataa. *Maru* na *batsu*, ndivyo mwalimu wa Japani anavyosahihisha daftari. Mtoto anazaliwa nazo. Magharibi wakageuza, msalaba ukawa kukubali kwa sababu uko chini, kidole gumba kinapumzikia hapo. Ilikuwa sawa, kila nchi na yake. Ikaja PS5 mwaka 2020, msalaba ukawa kukubali dunia nzima, Japani ikiwemo. Mashine ya Kijapani, na Mjapani anabonyeza alama ya kosa kusema ndiyo. Hili ndilo la kujadili kama mnatafuta nani kaonewa.

Kaseti60
Ndugu zangu, nafurahi ila tumeliacha swali langu njiani. Kukodisha. Dragon Quest ikusamehe, maikrofoni iwepo, mtoto asiye na pesa ya kaseti mpya Japani alifanya nini?

Chuma cha Solda
Aliandikiwa diski. Disk System, kiendeshi cha diski cha Famicom, ilitoka Februari 1986. Unanunua diski moja, ukiichoka gemu unaipeleka dukani kwenye mashine ya Nintendo, unalipa yen 500, inafutwa na kuandikwa gemu nyingine. Huduma ilidumu hadi 2003. Pembeni yake kulikuwa na kaseti za mitumba, ambazo Mahakama ya Juu ya Japani ilizihalalisha rasmi Aprili 2002. Kwa hiyo mlango ulikuwepo.

Ubaya wake ni mkanda. Ndani ya kiendeshi kuna mkanda wa mpira, na mpira ule ukizeeka unageuka ulimbo. Ukifungua, safisha kapi kwa spiriti hadi weusi wote utoke ndipo uvishe mpya, la sivyo unateleza. Na mkanda mpya peke yake hautoshi. Diski ile haina duara duara kama diski za kompyuta. Data imeandikwa kwa mstari mmoja unaozunguka kutoka nje kwenda ndani. Kichwa kikianza kusoma mapema au kikachelewa kidogo, diski nzima haisomeki. Lazima kirudishwe mwanzo wake kwa skrubu ndogo, unajaribu, unalegeza, unajaribu tena.

Kaseti60
Yen 500 nakubali, hilo sikulipa uzito. Lakini unaandikiwa iliyomo kwenye mashine ya Nintendo tu. Wenye gemu kubwa wakarudi kwenye kaseti, na kaseti kukodi huwezi. Mtoto aliyeitaka Dragon Quest III bado alinunua mpya au akasubiri mitumba.

Nyota ya Mvita
Alisubiri mitumba, ndiyo. Lakini aliyoipata mwishowe ilikuwa yake, yenye kitabu chake, na hakuna aliyemfutia faili.