Kufunga chekechea ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo ukizuka: kunasaidia kweli?

Mleta mada
Wakuu, kila ugonjwa huu unapozuka, kilio cha wazazi ni kilekile: fungeni chekechea. Nauliza, ili iwe nini? Mtoto aliyepona malengelenge huendelea kutoa virusi kwenye choo kwa wiki kadhaa, na wapo wengi walioambukizwa wasioonyesha dalili yoyote. Ukifunga wiki moja, watoto walewale wanakutana kwa jirani na kwenye viwanja vya michezo, tena bila mwalimu wa kuwasimamia kunawa.

Mchangiaji wa kwanza
Naomba kutofautiana nawe, mkuu. Ugonjwa huu huletwa na virusi kadhaa, nawe hujasema ni kirusi kipi. Coxsackie A16 mara nyingi ni vidonda vya siku chache, basi. Kirusi cha EV-A71 (enterovirus A71) ni habari nyingine. Kiligunduliwa California mwaka 1969. Mwaka 1975 kiliua watu 44 Bulgaria, na mwanzoni ikadhaniwa ni polio. Kikaibukia Sarawak, Malaysia, mwaka 1997, na mwaka uliofuata Taiwan ikazika 78, wengi wao watoto wadogo. Kinashambulia shina la ubongo, mapafu yanajaa maji, na mtoto anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kamwambie mzazi wa Taiwan masomo yaendelee!

Mleta mada
Sijasema tukunje mikono. Nasema walimu na wazazi wafundishwe dalili za hatari: homa kali isiyoshuka, kushtukashtuka usingizini, kutapika mfululizo, kuyumba akitembea. Akiwa na hizo, hospitali saa hiyohiyo. Na hivyo vitakasa mikono vya spiriti mnavyovipenda havitoshi, maana kirusi hiki hakina ule utando wa mafuta ambao spiriti huuvunja. Sabuni na maji yanayotiririka, na klorini kwenye vitu vya kuchezea.

Mchangiaji wa pili
Mbona hakuna anayetaja chanjo? China iliidhinisha ya EV-A71 mwishoni mwa 2015, na kwenye majaribio ilikinga kwa zaidi ya asilimia 90 dhidi ya ugonjwa unaoletwa na kirusi hicho.

Mchangiaji wa kwanza
Kirusi hicho tu. Haigusi Coxsackie A16 wala ndugu yake A6, ambavyo navyo huleta ugonjwa huu, kwa hiyo malengelenge yatakuwepo na watu watapiga kelele kwamba chanjo ni feki. Halafu hukohuko China ilianza kama chanjo ya hiari, mzazi anajilipia. Asiye na hela mtoto wake akingwe na nini, kama si kusimamisha darasa?

Mleta mada
Hapo umenibana kidogo. Basi lifungwe darasa lenye wagonjwa, si shule nzima, na iwe pale maabara inapothibitisha EV-A71. Kwa malengelenge ya kawaida bado nasema hapana.

Mchangiaji wa kwanza
Na majibu ya maabara yakija baada ya siku tano?